Shusha Ngao Upumue

Ndege inaposhuka kuelekea Uwanja wa Ndege wa Moi hapa Mombasa, mtaa wetu wa Port Reitz hunyamaza kwa lazima. Aliyekuwa akisimulia hukata neno katikati, muuza mahamri hubaki na chenji mkononi, hata mtoto anayelia hupata mwanya wa kuvuta pumzi. Ngurumo ikishapita juu ya mabati, kila mtu huendelea pale alipoachia, bila kuulizana tulikuwa wapi. Sisi tuliolelewa chini ya njia hiyo tumezoea kungoja katikati ya jambo. Kwa miaka mingi sikuona faida ya mazoea hayo, mpaka jioni moja nilipokaa kando ya kijana aliyekufa mara kumi na moja kwa muda usiozidi nusu saa.

Alifia katika ukumbi wa gemu. Ni kibanda cha mabati kando ya barabara ya Port Reitz, chenye runinga nne, mabenchi mawili na feni moja ambayo kazi yake ni kulihamisha joto kutoka kwa mtu huyu hadi kwa yule. Runinga tatu ni za mpira. Watu hulipia mechi. Ukifungwa unampisha mwenzio. Ya nne, ile ya pembeni karibu na pazia, mwenye ukumbi ameitenga kwa kile anachokiita hadithi ndefu: gemu za panga, mazimwi na uchawi, ambamo mchezaji humjenga mhusika wake kutoka uhohehahe hadi ushujaa. Hizo hulipiwa kwa saa, maana haziishi leo wala kesho.

Jioni hiyo gemu ilikuwa Dark Souls, iliyotolewa mwaka 2011 na kampuni ya Kijapani ya FromSoftware, kiongozi wa kazi akiwa Hidetaka Miyazaki. Kijana alikuwa bado na sare ya shule, tai ameifunga kichwani. Mbele yake, katika kichochoro cha mawe, alisimama askari mweusi aliyevaa chuma toka utosini hadi unyayoni, upanga wake mrefu kama mtu mzima. Kijana akamvamia. Kidole chake cha shahada kilidunda kwenye kitufe kama mvua ya masika juu ya bati. Pigo la kwanza lilimfikia askari, la pili likagonga ngao, la tatu halikutoka kabisa. Mkono wa mhusika ulilegea, miguu ikasita, na upanga wa yule mweusi ukaanza kushuka. Ulishuka taratibu hivi kwamba benchi zima tuliuona unakuja, na hakuna aliyeweza kufanya lolote.

"Ami, nampiga lakini hafi!" kijana alilalamika.

Mwenye ukumbi hakuacha kuhesabu sarafu zake. "Mwanangu, hujampiga. Umebonyeza tu."

Maneno hayo nilienda nayo nyumbani. Kati ya kupiga na kubonyeza kuna kazi kubwa ya mikono ya watu tusiowaona: mafundi wanaokaa miezi wakipima pigo moja litachukua muda gani kuinuka, muda gani kutua, na muda gani kumwacha mpigaji wazi. Jina lao halimo kwenye jalada la gemu, na mchezaji akifurahi husifu picha au muziki. Hawa ndio ninaotaka kuwasifu.

Anza na kile kilichomuua kijana wetu. Juu ya skrini, pembe ya kushoto, kuna mistari miwili. Wa kwanza ni uhai. Wa pili, wa kijani, ni pumzi. Ukirusha upanga, kijani hupungua. Ukibiringika kukwepa, hupungua. Hata ukikinga pigo kwa ngao, hupungua. Kikiisha, huna mkono wala mguu, una masikitiko tu. Kisha ipo siri ambayo wachezaji wengi huigundua wakiwa wamechelewa: ngao ikiwa juu, pumzi hurudi polepole, ukiishusha, hurudi haraka. Ili upate nguvu ya kujikinga tena, lazima kwanza usimame wazi mbele ya mtu anayetaka kukuua. Kijana wetu alikuwa mwoga kwa namna inayoeleweka. Kila alipochoka aliinua ngao na kujificha nyuma yake, na kwa kujificha akazidi kuchoka.

Halafu kuna ahadi. Katika gemu hii, kidole kikishabonyeza, mwili umeshaahidi. Upanga mzito ukishainuka huwezi kuurudisha hata ukiona umekosea. Maji yakimwagika hayazoleki. Dawa nayo ina bei yake. Chupa ya Estus, inayorudisha uhai, mhusika huinywa akiwa amesimama, kichwa kimeinuka, kifua wazi, na adui anayeijua kazi yake husubiri wakati huohuo. Wala hakuna kitufe cha kusimamisha gemu. Mama akikuita kutoka mlangoni, askari mweusi hakungojei umalize kuitikia labeka.

Watu wengi wakisema gemu fulani ina mapigano ya kweli, wana maana ya damu, majeraha na mlio wa chuma. Nami nilikuwa na fikira hiyo. Lakini mapigano ya kweli nimeyaona, tena si mbali, pale stendi ya Magongo, makanga wawili walipogombea abiria mmoja mwenye mizigo. Kuanzia tusi la kwanza hadi walipoketi kivulini kila mmoja na chupa yake ya maji, ilipita kama robo saa. Ngumi nilizohesabu zilikuwa tatu, na moja kati ya hizo ilipiga mlango wa matatu. Muda uliobaki ulijazwa na mambo mengine: kuvua shati, kumkabidhi mtu simu, kuzungukana, kutajiana ukoo na mtaa, kurudi nyuma hatua mbili, kusogea hatua moja. "Niachilieni nimfunze adabu!" mmoja alipiga kelele, na waliokuwa wamemshika walikuwa wamemshika kwa vidole viwili. Baada ya ngumi ya tatu wote wawili walikuwa wakihema, mikono magotini, wakitazamana kama watu waliokimbizwa na mbwa mmoja. Abiria alikuwa ameshapanda gari lingine.

Tangu siku hiyo siamini tena shujaa wa skrini anayerusha mapigo arobaini bila kuhema. Ukweli wa pigano umo katika kile kilicho kati ya pigo na pigo: woga, hesabu, pumzi, maneno. Fundi anayekijua kipande hicho atanifanya niamini hata zimwi lenye vichwa saba. Asiyekijua, hata akiniwekea askari halisi mwenye jasho halisi, nitaona mwanasesere.

Tatizo hili la shujaa asiyechoka lina asili ya kuchekesha, nayo iko baharini, kama ya jina la mtaa wetu. Port Reitz yetu imebeba jina la baharia, Luteni John James Reitz wa jeshi la maji la Uingereza, aliyeachwa kuisimamia Mombasa mwaka 1824, pale Kapteni William Owen alipoutia mji chini ya ulinzi wa Kiingereza wakati wa Wamazrui. Homa ilimuua mwaka huohuo. Hata pointi za uhai, ule mstari wa kwanza kwenye skrini ya kijana, zilitoka melini. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons, ambao ndio bibi wa gemu zote za kujenga mhusika. Arneson alieleza baadaye kwamba wachezaji wake hawakupenda kuona mashujaa waliowazoea wakifa kwa pigo moja, basi akaazima kanuni kutoka mchezo wa vita vya manowari za chuma za wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Manowari haifi kwa kombora moja. Hutobolewa, huingiza maji, huendelea kupiga, hutobolewa tena, mpaka izame.

Ukisimama ufukweni kwetu ukazitazama meli za makontena zikielekea Kipevu, utaona jinsi wazo hilo linavyoifaa meli na lisivyomfaa mwanadamu. Mtu aliyechomwa mara tisa hapigani kama yule ambaye hajaguswa. Lakini kwa miongo kadhaa mashujaa wa gemu wamekuwa meli zenye miguu: wakibakiwa na pointi moja ya uhai, wanaruka, wanakata na kucheka kama walivyoanza. Adui naye ni meli. Katika Skyrim ya kampuni ya Bethesda, iliyotoka mwaka huohuo wa 2011, utampiga jambazi mshale wa kichwa, naye atatafuta-tafuta kidogo, kisha arudi kuketi penye moto wake, mshale ukiwa bado umesimama utosini, akisema labda ulikuwa upepo. Na wewe ukikaribia kufa, unafungua mkoba, dunia nzima inasimama, zimwi linaning'inia hewani mdomo wazi, unakula magurudumu kumi ya jibini mfululizo, unafunga mkoba, vita vinaendelea. Mimi binafsi nimeua mazimwi mengi kwa jibini.

Siitaji Skyrim kwa dharau. Milima yake nimeitembea usiku kucha, na upanga mle ni kisingizio cha safari. Ila ile jibini hunikumbusha kuwa pumzi isiyo na gharama haina ladha. Dunia ikisimama ili wewe upone, hujapumzika katikati ya vita. Umetoka nje ya vita, ukala, ukarudi.

Wapo waliojaribu kumrudisha mtu kwenye mwili wake. Kampuni ya Warhorse ya Prague ilitoa Kingdom Come: Deliverance mwaka 2018, hadithi ya Bohemia ya mwaka 1403 isiyo na uchawi wala zimwi. Shujaa wake, Henry, ni mtoto wa mhunzi, na mwanzoni hajui hata kushika upanga. Anavyoumia ndivyo pumzi yake inavyopungua, hivyo majeraha yanamla kabla ya kumuua. Mchezaji huchagua pigo litoke upande gani, na mpinzani naye husoma bega lako. Saa za mwanzo ni aibu tupu: walevi wawili wa kijijini wanatosha kukumaliza. Ukirudi baada ya mazoezi marefu na mwalimu wako, ukawakabili tena, furaha yake huwezi kuinunua kwa upanga wa dhahabu. Hapa mhusika amejengwa kweli, kwa sababu mikono yako mwenyewe imejengwa pamoja naye.

Lakini ukweli nao una kikomo chake. Pigano lililo halisi kabisa lingeisha kwa mchomo mmoja na mwezi mzima wa kulala hospitalini. Nani alipie saa nzima kulala hospitalini? Fundi basi hanakili vita. Anachagua ukweli upi auhifadhi na upi auache, kama mpishi wa biriani anavyojua viungo vipi vionekane machoni na vipi visikike ulimini tu. Unaohifadhiwa na walio bora ni ukweli wa wakati.

Wakati wenyewe wanaupima kwa fremu. Gemu nyingi huonyesha picha 60 kwa sekunde, kila picha ikikaa sehemu moja ya sitini ya sekunde. Mtu akiona jambo, huchukua takriban robo sekunde kabla mkono haujaitikia, yaani kama fremu 15. Pigo la adui likitoka kwa fremu kumi, hakuna binadamu atakayelikwepa kwa kuliona; ni uonevu. Likichukua fremu 60, atalikwepa akipiga miayo. Kazi ya fundi iko katikati humo. Anampa adui bega linaloinuka, kisigino kinachojikita, mguno wa kooni, ili pigo litoe taarifa kabla ya kufika. Kisha, akishakuzoeza taarifa hiyo, anakuletea adui anayeinua bega na kulishikilia huko juu nusu sekunde zaidi. Wewe umeshakwepa, umeshatua, ndipo upanga unashuka. Benchi letu lote huguna kwa pamoja pigo la namna hiyo linapotua, nami nimejifunza kuusikia mguno huo kama makofi anayopigiwa mtu aliye Tokyo.

Kuna ujanja mwingine mdogo zaidi. Upanga ukimfikia adui, mafundi husimamisha picha kwa fremu chache, mwenye kupiga na mwenye kupigwa wakiganda, halafu wanaachiwa. Jicho halioni kusimama huko, lakini mkono huamini kwamba chuma kimekutana na kitu kizito. Ukiondoa zile fremu, upanga hupita kwa adui kama unapita kwenye moshi. Nilipoelewa hilo niliifikiria ndege yetu, na ile sekunde ambayo mtaa wote huganda kisha ukaachiwa. Bila kimya hicho, pengine tusingejua ndege ilivyo kubwa.

Nisije nikadhaniwa nasema elimu hii imetoka Japani peke yake. Pwani yetu ina mafundi wa zamani wa pigano lisiloua. Kule Lamu, siku za Maulidi na za harusi, wanaume huingia uwanjani wawili wawili kucheza kirumbizi, kila mmoja na bakora yake, zumari ikilia na ngoma zikijibu. Wanazungukana. Wanainuliana bakora, wanashusha, wanatazamana chini ya kofia. Mgeni asiyejua hukasirika: mbona hawapigani? Lakini waliozunguka uwanja wanafuata kila hatua, maana pigo lazima litoke mahali pake ndani ya ngoma. Mwenye kurusha nje ya mdundo huchekwa hata kama bakora imemfikia mwenzake. Mwenye kungoja, akauacha mdundo mmoja upite, kisha akaingia katika ule wa pili mwenzake akiwa kwenye mguu usiofaa, huyo hushangiliwa hata kama bakora haijamgusa mtu.

Mpangilio huo nauona tena katika gemu za kupigana kwa zamu, ambazo vijana wa ukumbini huziona za wazee. Baldur's Gate 3, iliyotolewa mwaka 2023 na Larian ya Ubelgiji, inafuata kanuni za Dungeons & Dragons: wewe unapiga, kisha unakaa, adui naye anapiga. Kwa mtazamo wa stendi ya Magongo huo ni upuuzi. Kwa mtazamo wa tenzi zetu ni desturi. Soma Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani, ulioandikwa Pate mwaka 1728, ama Utenzi wa Rasi 'lGhuli wa Mgeni bin Faqihi, wenye beti zaidi ya 4,000 za vita, majini na maajabu. Humo watu husemezana kabla ya kupigana, kila mmoja na zamu yake ya kujigamba na kujibiwa. Ubeti una vipande vinne vya mizani minane minane. Vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne kinarudi kwenye kina kilekile kinachoushika utenzi wote kutoka mwanzo hadi mwisho. Kile kipande cha nne ni mahali pa kupumulia. Msikilizaji wa zamani alijua kwamba baada ya kila rabsha kina kitarudi, naye atapata kuvuta pumzi kabla upanga mwingine haujachomolewa.

Na kama unataka bosi wa mwisho, yule adui mkuu anayefunga gemu, tunaye Fumo Liyongo. Katika utenzi alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, Liyongo hana mstari wa uhai wa kupunguzwa kidogo kidogo. Silaha hazimdhuru, ila sindano ya shaba kitovuni. Alipofungwa, tupa ilimfikia ndani ya mkate, na minyororo akaikata huku watu wakiimba na kupiga ngoma nje, kelele zikiumeza mlio wa chuma. Huo ni upimaji wa wakati ambao Miyazaki angeuvulia kofia. Na alipochomwa na mwanawe mwenyewe, alikwenda kisimani, akapiga goti na mshale tayari upindeni, akafa hivyohivyo. Siku zikapita watu wakikosa maji, wakimwogopa maiti, kwa sababu hakuna aliyethubutu kukisia kama atalifyatua pigo lake ama la. Sijaona katika gemu yoyote adui aliyetisha hivyo kwa kutulia tu.

Funzo hilo nililikuta tena mahali ambapo hapana upanga. Hatua chache kutoka ukumbini, kwenye barabara yetu hiihii, wamo wachongaji wa ushirika wa Akamba Handicraft, ulioanzishwa mwaka 1963. Nilipokuwa mdogo nilipenda kuchungulia kwenye vibanda vyao: vumbi la muhugu puani, twiga ambao hawajapata shingo wamelazwa kama kuni. Mzee mmoja alinikalisha kando yake. Alikuwa ameshika gogo kwa nyayo zake mbili na tezo kwa mkono wa kulia. Nilitarajia kuona akikatakata. Aligonga mara mbili, akaacha. Akaligeuza gogo kidogo, akapitisha kidole gumba kwenye nyuzi za mti, akaligeuza tena, akapuliza. Akagonga mara moja. Nikamuuliza kwa utoto wangu, "Mzee, mbona hugongi?" Akanijibu, "Sasa hivi ndiyo nagonga." Tezo likateremka upande ambao sikuutarajia, na kipande cha mti kikaruka kama chaza anavyofunguka. Shingo ya swala ikatokea.

Miaka mingi baadaye, mbele ya runinga ya nne, nilielewa kwamba yule mzee hakuwa na mapumziko kati ya mapigo. Kuligeuza gogo ndiko kulikokuwa kazi. Tezo lilikuwa likithibitisha tu. Fundi wa pigano anatufundisha kuligeuza gogo. Anatulazimisha kumzunguka askari mweusi, kuusoma mkono wake, kujua chuma chake kinaelekea wapi, na pigo tunalolitoa mwishowe ni muhuri juu ya barua ambayo tayari imeandikwa.

Bara letu nalo limeanza kuandika barua zake. Kiro'o Games ya Yaoundé, Kameruni, ilitoa Aurion: Legacy of the Kori-Odan mwaka 2016, hadithi ya mwanamfalme na mkewe wanaopigana bega kwa bega, nguvu zao zikitoka kwa wahenga. Na mwaka 2024 ikaja Tales of Kenzera: ZAU, kazi ya Abubakar Salim, Mwingereza mwenye asili ya Kenya, aliyewahi kumpa sauti Bayek wa Assassin's Creed Origins. Aliitunga akiomboleza baba yake. Si gemu ya kujenga mhusika kwa maana yake kamili, lakini ina sauti za Kiswahili, na pigano lake ni ngoma waziwazi: mganga kijana anabadilisha vinyago viwili, cha jua kwa adui wa karibu, cha mwezi kwa wa mbali, na mchezaji hodari ni yule anayejua lini avue kimoja avae kingine bila kuupoteza mdundo. Nilipoicheza mara ya kwanza nilikuwa na haraka, nikafa. Nilipoanza kuihesabia kimoyomoyo kama mtu anayepiga mdundo kwa mguu sebuleni, nikavuka. Ningependa siku moja nicheze gemu ambayo kirumbizi imo ndani yake, zumari ikiwa ndiyo taarifa ya pigo linalokuja. Vijana wa kuiunda tunao.

Wiki moja baada ya vile vifo kumi na kimoja, nilimkuta kijana palepale, tai kichwani. Alikuwa amelipia nusu saa. Askari mweusi alikuwa mbele yake katika kichochoro kilekile. Safari hii kidole cha shahada kilikaa juu ya kitufe bila kukigusa. Alimzunguka. Askari alipiga, kijana akakinga, kisha, mbele ya upanga ule mrefu kama mtu mzima, akaishusha ngao yake. Mstari wa kijani ukapanda. Askari akainua bega. Kijana akaisogeza miguu kando, upanga ukapita, naye akapiga mara moja, moja tu, akarudi nyuma, akashusha ngao tena. Wacheza mpira wawili waliacha mechi yao wakaja kusimama nyuma yetu.

Dakika zake zikaisha. Nilijua kwa sababu mwenye ukumbi alitazama saa ya ukutani, na kwa kawaida mkono wake ukishatoka kwenye saa huenda moja kwa moja kwenye swichi. Ndege ilikuwa ikishuka. Mabati yalianza kutetemeka, na hapakuwa na wa kusema neno. Askari alibakiwa na uhai kidogo, kijana naye vilevile, nao wakazungukana katika kelele ile iliyotunyamazisha sote. Mwenye ukumbi alisimama na mkono wake hewani, akangoja, kisha akaushusha polepole mfukoni.

Ndege ikapita. Kijana bado alikuwa akingoja.